Muhula Tuliokula Hesabu

Jumatatu, 28 Aprili

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Mwalimu mkuu amenipa lingine jipya, kwa hivyo hili nimelichukua liwe langu, niandike yale nisiyoweza kumwambia mtu usoni.

La kwanza ni hili: nimekasirika.

Nimetoka kwetu Mautuma na godoro na sanduku moja, nimefika hapa kando ya msitu, karibu na Isecheno, nimekabidhiwa darasa la chekechea lenye watoto thelathini na mmoja, ubao mweusi na pakiti ya chaki. Basi. Hata mpira wa matambara hakuna. Nikamwuliza mwalimu mkuu, Bwana Simiyu, vitu vya kuchezea viko wapi, maana kwenye orodha ya mali ya shule vimeandikwa. Akachukua ufunguo, akanipeleka stoo, akaondoa magunia mawili. Chini yake kulikuwa na boksi kubwa. Ndani mna matofali ya plastiki ya rangi rangi, mafumbo ya picha na wanasesere wawili, vyote bado vimefungwa kwa nailoni.

"Vililetwa lini?" nikauliza.

"Huu mwaka wa tatu."

"Na watoto wamevichezea lini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza watoto wamelewa lini. "Mwalimu Rosebella, hivi ni vya wageni. Wageni wakija tunavipanga mezani. Ukiwapa watoto, si wataharibu?"

Akarudisha magunia juu yake. Halafu, akifunga mlango, akanipa habari yenyewe. Watoto wanahamia akademi ya Madam Gentrix pale barabarani, ambako wanavaa tai na kuandika sentensi wakiwa na miaka minne. Barua imekuja: darasa la chekechea ambalo halitafika watoto ishirini kufikia mwisho wa Julai litaunganishwa na la ng'ambo ya mto. Daraja lenyewe ni magogo mawili, na mvua ndiyo hii. Mtoto wa miaka minne hawezi kuvuka hapo kila siku, hiyo haihitaji mkutano. Wengine watakaa tu nyumbani na mbuzi.

Thelathini na mmoja. Nimeiandika hapa niitazame.

Jumatano, 30 Aprili

Nimejuana na Mzee Shikanga, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Boma lake limepakana na shule. Alikuwa seremala miaka thelathini, na uso wake umekaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Mwalimu, karibu kwetu," akasema. "Sisi hatuna maneno mengi. Mtoto akishaoga na kunywa uji, anakuja shule kusoma. Kucheza atacheza na mbuzi huko nyumbani."

Mdomo wangu ukanitoroka. "Na mbuzi akimfunza hesabu, mzee, tutampa mshahara?"

Hakucheka. Simiyu alikohoa mpaka nikamwonea huruma.

Ijumaa, 2 Mei

Jirani yangu hapa ninapopanga ni Khalayi. Anachuma majani chai, anaamka kabla ya jogoo, na ana ulimi kama wangu, kwa hivyo tutapatana ama tutauana. Binti yake Mideva yuko darasani kwangu. Ni mdogo, mwembamba, na anaamrisha kila mtu.

"Ticha," Khalayi ameniambia akipuliza jiko, "huyu wangu nataka ajue kusoma kabla ya Desemba. Mambo ya kuimbaimba mimi sitaki."

Nikasema sawa. Moyoni nikasema, huyu naye anajiona.

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimefundisha hesabu kwa vifaa halisi. Niliamka mapema, nikamenya muwa, nikaukata vipande vidogo safi, kila mtoto vitano. Nilijipongeza njia nzima. Vinapatikana hapa hapa, havina makali, na watoto wanavipenda.

Hilo la mwisho ningelifikiria vizuri.

"Haya," nikasema, "tano, toa mbili. Tunabaki na ngapi?"

Taya zinafanya kazi. Ismail, ambaye huwa wa kwanza kujibu, akainua mkono huku juisi inamtiririka kidevuni. "Hakuna, Ticha. Zimeisha."

Darasa lote lilikuwa limekula hesabu. Waliobaki na vipande ni wawili, na hao walikuwa wanavificha mfukoni wawapelekee wadogo wao nyumbani. Nilicheka nikashika ukuta. Bwana Simiyu alipochungulia kuona kuna nini, Mideva alimwambia, "Tunafanya kutoa."

Ijumaa, 9 Mei

Mvua tangu saa saba. Juu ya mabati sisikiki hata nikipiga kelele. Tumekaa tukitazamana.

Jumanne, 13 Mei

Maharagwe hayaliwi mabichi, nikajiambia, basi hesabu iko salama. Saa tatu na nusu Ismail ameweka haragwe puani. Nililiona likiwa mbali, linang'aa kule ndani. Nikambeba, nikaita boda boda, tukaondoka kwenda zahanati, mimi nikisali na yeye akifurahia kupanda pikipiki. Kwenye kona ya soko vumbi la gunia la mkaa likampata, akapiga chafya moja kubwa, haragwe likaruka likampiga mwenye boda mgongoni.

Tukageuza.

Sheria ya kwanza ya kuchagua: kitu kinachoingia puani hakiingii darasani. Sheria ya pili inahusu kulika, na nilishaipata. Vifuniko vya soda navyo nimevitoa, vimemkata Asiya kidole. Nimebaki na magunzi ya mahindi, matambara, udongo wa mfinyanzi na vibuyu.

Watoto ni ishirini na saba.

Alhamisi, 22 Mei

Wageni wamekuja. Ufunguo umetoka, boksi limetoka, nailoni zimetoka. Simiyu mwenyewe alipanga matofali ya plastiki kwa rangi, akawaketisha watoto mbele yake wakiwa wamekunja mikono, akawaambia, "Msiguse mpaka niseme."

Mgeni mmoja, mama mpole mwenye miwani, akainama mbele ya Asiya. "Hivi mnavipenda?"

"Ndiyo," Asiya akajibu.

"Huwa mnajenga nini navyo?"

Asiya akashangaa. Kwao wamemlea vizuri, hasemi uongo. "Hatujengi. Ni vyenu."

Mgeni akadhani hajasikia vizuri. "Vya nani?"

"Vyenu, wageni," Asiya akamwelezea taratibu, kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka. "Mkienda tunavirudisha."

Nilitazama dari. Simiyu alitoa kitambaa akajipangusa jasho, na asubuhi ile hakukuwa na joto.

Walipoondoka, alikuja darasani akaweka ufunguo mezani kwangu. Nimemfikiria jioni yote. Nilimwona mchoyo, kumbe anaogopa tu kuulizwa kitu kimepotelea wapi. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kupewa kitu mara mbili.

Ijumaa, 30 Mei

Wiki nzima ya boksi, na leo naandika jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosomea.

Siku ya kwanza ilikuwa sikukuu. Siku ya pili wakagombania wanasesere mpaka mmoja akabaki na upara. Mafumbo ya picha waliyapanga mara tatu, wakayaacha. Fumbo likishapangwa limepangwa, halina kazi nyingine. Jana nikawakuta wamerudi kwa magunzi. Gunzi leo ni mtoto mchanga, kesho ni simu, keshokutwa ni ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Matofali ndiyo peke yake bado wanayataka, kwa sababu nayo hugeuka kitu chochote, ila yako ishirini na manne na wao ni wengi. Kila nyumba inaishia dirishani kisha vita vinaanza.

Kwa hivyo ninachotaka ni hicho: vipande vya kujengea, vingi, vya mbao. Na seremala yuko hapo nyuma ya ua.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Shikanga. Nilibeba sukari nusu kilo na maneno matamu. Nikamwomba masalio ya mbao tu, vile vipande anavyotupa jikoni.

"Mbao," akasema, "ni ya kutengenezea kitu. Ukitengeneza kiti, kinakaliwa. Ukitengeneza meza, watu wanakula juu yake. Hivi vyako vitakuwa nini?"

"Vitakuwa chochote, mzee."

"Kitu ambacho ni chochote si kitu."

Akanirudishia sukari. Alikuwa anakohoa sana, lakini nilikasirika hata pole sikumpa.

Alhamisi, 12 Juni

Khalayi amemhamisha Mideva. Nimemwona mtoto asubuhi akipita na tai shingoni, anavutwa mkono, shingo imegeuka nyuma.

Tumekosana na mama yake penye kamba ya nguo. "Kwako anachezanga tu!" amenipigia kelele. "Nimemwuliza umesoma nini, anasema amepika udongo. Udongo naupika mimi?"

"Unadhani tai inasoma?"

"Angalau inaonekana!"

Nikaanua nguo zangu zikiwa bado mbichi, nikaingia nikafunga mlango kwa kishindo. Sasa zimening'inia kitandani zinatona maji. Ishirini na tatu.

Jumanne, 17 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye ngoma.

Baba mmoja anayepigaga ngoma za isukuti kwenye sherehe aliniazima mbili ambazo ngozi zake zimechoka. Nilifurahi sana. Ngoma haiingii puani, hailiki, na watoto kumi wanaweza kuitumia pamoja. Saa nne, wakati wa mapumziko, nikawatoa watoto chini ya mparachichi karibu na ua, nikawaambia, "Haya, pigeni mnachojua."

Upande wa pili wa ua ni boma la Mzee Shikanga. Mzee ana wiki nzima kitandani, kifua kimembana. Kijiji kizima kinajua.

Watoto wakapiga. Na walipiga vizuri, haki ya Mungu! Ismail alishika ngoma kubwa, Asiya ndogo, wengine wakang'oa matawi, wakajipanga, wakaanza kuzunguka mti wakiitikia kwa sauti ya huzuni nzuri ajabu. Mimi mtu wa Mautuma nikapiga makofi. Nikasema, watoto hawa wana kipaji.

Mdundo ule ulikuwa wa msiba. Mimi sikuujua, na wao hawakujua mwingine. Harusi hapa ni mbili kwa mwaka, lakini mazishi ni kila Jumamosi, na mtoto hucheza alichokiona.

Nduru ya kwanza ilitoka kwenye majani chai. Ya pili ikatoka mtoni. Ndani ya dakika tano njia yote ilikuwa na wanawake waliojifunga leso viunoni, vikapu wamevitupa, matawi mikononi, wanakuja mbio kwenye boma la Mzee Shikanga. Na mbele yao wote alikuwa Philip. Philip ni jirani wa mzee upande wa juu. Hawajasemezana miaka kumi na mmoja kwa sababu ya mpaka wa shamba, hatua tatu za ardhi ambamo hata viazi havioti. Alikimbia bila viatu, mikono kichwani, analia kwa sauti kubwa:

"Shikanga weee! Umeniachia nani wa kugombana naye!"

Mlango ukafunguka. Mzee Shikanga akatoka amejifunika blanketi, kikombe cha uji mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Watu wakashusha matawi. Wakatazamana. Mwishowe mama mmoja akasema kwa adabu, "Ni wewe, mzee."

"Mimi? Mbona sijaambiwa?"

Nyuma ya ua watoto wangu bado walikuwa wanapiga, tena walikuwa wamefika pazuri. Watu wote wakageuka polepole, wakaniona nimesimama hapo na tabasamu ambalo lilikuwa halijapata habari.

Sitaandika yote niliyoambiwa. Mzee alisema neno moja tu, "Ngoma zirudi zilikotoka," kisha akaingia ndani. Uji ulikuwa umemwagika wote. Philip alibaki amesimama uani mwa adui yake, uso umelowa, hajui aondoke kwa mlango gani.

Kufikia jioni wazazi wanne walikuwa wamekuja kuchukua watoto wao. Mmoja alisema nimemwitia mtu kifo.

Kumi na tisa. Nililia, nikala obusuma, ugali wa jana, baridi, nikalia tena.

Jumatano, 18 Juni

Mvua ya mawe. Hakuna aliyenisalimia njiani isipokuwa ng'ombe.

Jumatatu, 30 Juni

Tumerudi kutoka likizo fupi. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba nihamishwe, iko mfukoni, nikaona Mzee Shikanga anakuja kwa fimbo, nikajua kumekucha.

"Mwalimu, keti," akaniambia, ndani ya darasa langu mwenyewe. Nikaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni.

"Nimekuja kukuambia jambo. Kuliliwa ukiwa hai si kitu cha kila mtu. Nilisikia yote. Kuna jamaa yangu mmoja alikuja akauliza kwanza kama kutakuwa na chakula. Huyo namjua sasa." Akaegemea fimbo yake. "Na nikamsikia Philip. Miaka kumi na mmoja nimelala nikijua kwamba nikifa yule atacheka. Kumbe mtu yule ananipenda, mjinga!"

Jumapili Philip alimpelekea ingokho, kuku mzima, wakala pamoja, wakabishana juu ya mpaka mpaka jioni, safari hii wakiwa wameketi. Mzee anasema hajafurahi hivyo tangu mkewe afariki.

"Sasa," akasema, "ile mbao uliyotaka. Ya ukubwa gani?"

Niliinuka haraka nikapindua kiti. Nikamwambia sheria zangu zote: isiingie mdomoni, isiwe nzito ya kuvunja kidole cha mguu, isiwe na kona ya kuchoma, isiwe na rangi ya kubambuka, na iwe nyingi, nyingi kabisa. Alisikiliza kwa makini. Kisha akachukua chaki, akachora sakafuni.

"Kama huyu mkubwa ni hivi," akasema, "basi huyu mdogo lazima awe nusu yake barabara. Na huyu robo. La sivyo ukuta hautalingana. Mtoto akitaka kuziba hapa, atatafuta wawili wadogo au wanne wa hawa..." Akasimama. Akatazama mchoro wake muda mrefu. "Mwalimu. Hii ni hesabu."

"Ndiyo, mzee."

"Mbona hukuniambia?"

Barua nimeitumia kuwashia jiko.

Ijumaa, 4 Julai

Magunia mawili! Mzee amekata, Philip amepiga msasa, wamegombana kila hatua. "Nimepiga msasa hata mahali pasipohitaji," Philip alisema, "kwa sababu huyu mtu hajui kulainisha." Mzee akachukua kipande kimoja kimoja, akakipitisha shavuni mwake mwenyewe ili kutafuta vibanzi, kabla hajaruhusu kimfikie mtoto.

Nilivimwaga sakafuni. Watoto walivitazama bila kusogea. "Ni vya wageni?" Asiya akauliza.

"Ni vyenu," akasema Bwana Simiyu kutoka mlangoni. Mwalimu mkuu huyo huyo! Ningemkumbatia kama si cheo.

Jumatano, 9 Julai

Wamejenga soko, zahanati, na kituo cha majani chai chenye mzani. Ismail ni karani na anawapunja watu wote.

Jumatatu, 14 Julai

Kuna jambo. Saa nne niliona tai kwenye ua. Tai tatu, na juu yake nyuso tatu. Akademi haina uwanja, ni maduka mawili yaliyounganishwa pale barabarani, na wakati wa mapumziko watoto huzunguka nyuma. Mideva alikuwa katikati. "Ticha, hiyo nyumba yenu itaanguka," akaniambia. "Chini mmeweka wadogo."

Ikaanguka.

Alhamisi, 17 Julai

Leo tai zilikuwa tano, na hazikuwa kwenye ua, zilikuwa ndani. Madam Gentrix alikuja kuwachukua mwenyewe, anahema, viatu vimejaa tope. Nilijiandaa kwa vita. Akaokota kipande, akakigeuzageuza. "Hivi vilitengenezwa wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Mzee Shikanga, kupitia ua, akamjibu kwamba foleni ni ndefu.

Nilidhani huyu mama ana pembe. Ana miguu inayomuuma na madarasa mawili yasiyo na dirisha.

Jumapili, 20 Julai

Tulikutana na Khalayi mtoni. Sio rahisi kununa na mtu mkifua kwenye jiwe moja. Nikamwomba msamaha kwa maneno ya tai. Akasugua shuka muda mrefu kabla hajajibu.

"Ticha, mimi siwezi kusoma. Ulikuwa hujui?"

Sikujua.

"Karani wa majani huandika kilo, ananipa karatasi, natikisa kichwa ndiyo. Siku moja niliiweka juu chini, akacheka, akawaonyesha wengine. Nilisoma miaka miwili. Nakumbuka tu kukunja mikono na kuchapwa." Akakamua shuka kwa nguvu. "Sitaki mtoto wangu achekwe pale kwa mzani. Hiyo tu."

Na mimi nilikuwa nimemwita mwenye kujiona. Nilishika upande wa pili wa shuka tukakamua pamoja. Sikumwambia chochote kuhusu kumi na tisa. Haikuwa haki.

Ijumaa, 25 Julai

Bado kumi na tisa. Wazazi ninaowaomba warudishe watoto wananiambia "Januari, Ticha, Januari." Hakuna anayetaka kuonekana amegeuka. Mzee Shikanga amepita nyumba kwa nyumba mpaka kifua kikamrudia, Philip akambeba kwa baiskeli.

Jumatatu, 28 Julai

Afisa amekuja kuhesabu. Anaitwa Bi. Jepkorir, mtu wa maneno machache na kalamu nzuri. Mimi, Simiyu na Mzee Shikanga tulisimama ukutani kama washtakiwa. Ilikuwa saa nne, na darasa lilikuwa limejaa, linavuma.

Akahesabu kwa kidole. "Ishirini na sita," akasema, akatabasamu. "Vizuri."

Simiyu akanikanyaga mguu. Mzee Shikanga akatazama juu kwenye dari, mahali ambapo hakuna kitu. Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Ningenyamaza tu! Lakini Asiya alikuwa ananitazama, yule yule wa kuwaambia wageni ukweli.

"Samahani," nikasema. "Wenye tai si wangu. Ni wa akademi, huwa wanatoroka."

Bi. Jepkorir akainua kichwa, akahesabu tena. "Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," nikasema.

"Pole, mwalimu. Sheria si yangu." Nikaona kwamba alimaanisha.

Hapo ndipo Khalayi alipoingia, na kikapu cha chai mgongoni. Watu wa akademi walikuwa wamempigia simu kwamba mtoto hayupo. Alimwona Mideva pembeni, katikati ya vipande, akamwendea kwa hasira. "Wewe! Simama twende!"

"Ngoja," Mideva akasema. "Tunacheza shule. Wewe ni mtoto. Keti."

Sijui ni uchovu, sijui ni macho ya wageni. Khalayi alitua kikapu, akaketi sakafuni.

Mideva akachukua kijiti. Sauti yake ikabadilika. "Kunja mikono! Nyamaza! Nani amekuambia uangalie nje? Andika!" Kijiti kikapiga sakafu, pa, karibu na goti la mama yake. Na Khalayi, mwanamke ambaye hamwogopi mtu kijijini, akakunja mikono. Alikunja haraka, mabega yakapanda, macho yakaenda chini. Niliona miaka ile miwili yote usoni mwake. Nilitaka kwenda kumwinua lakini nikashindwa kusogea.

Mideva naye aliona. Kijiti kikashuka. Akamkagua mama yake, kisha akasema, "Hapana. Sasa mimi ni Ticha Rosebella."

Akakiweka kijiti chini. Akapiga magoti, uso kwa uso na mama yake, akauliza polepole kwa sauti ambayo sikujua kwamba ni yangu, "Niambie, leo umejenga nini?"

Khalayi akatazama vipande. "Sijajenga kitu, mwalimu," akasema.

"Haya, jenga." Akamsukumia vipande kwa mikono miwili. "Hakuna haraka. Wakubwa wanakaa chini. Ukikosa mmoja, tafuta wawili walio nusu."

Mkono wa Khalayi ulitoka polepole. Ni mkono mweusi kwa utomvu wa chai, umechanika vidoleni. Akachukua kipande kikubwa, akakiweka. Akachukua cha pili. Alipofika kwenye pengo akasita, akapima kwa macho, akachukua vidogo viwili, na vikatosha. Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu cha kushangaa, na mimi hapo nilishindwa, nikalia mbele ya afisa wa elimu bila kujificha.

"Madam," Khalayi akamwambia Bi. Jepkorir, bila kugeuka. "Andika huyu wangu hapa. Mideva. Leo, si Januari."

Bi. Jepkorir akafuta, akaandika ishirini. Mzee Shikanga alikuwa anapangusa macho kwa kofia, akimlaumu Philip kwa vumbi la msasa, na Philip hakuwepo. Simiyu alimletea Khalayi kiti. Hakukiona. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anatafuta kipande cha kuezekea.